Gabrieli Ameanza Adabu

Jumapili, 14 Januari 2024

Mwanangu Janeth,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Huku juu hatujambo, tunaendelea na maisha yetu ya kupanda, kushuka na kunung'unika. Tangawizi imeshika vizuri. Iliki imenisusia mwaka huu, sijui nimeikosea nini. Tumeletewa padri mpya, kijana mwembamba. Jumapili yake ya kwanza aliupanda mlima wetu akafika kigangoni hana pumzi hata ya kuimba. Ilibidi tumpe kiti na maji, misa ikaanza amekaa. Watu wa huku hawana dogo, wameshamwita Padri Kiti.

Barua hii anakuletea Dadi, yule dereva wa Noah wa Mkuyuni. Simu sikupigii kwa sababu mtandao wetu uko kule juu kwenye msalaba, na mimi nikifika kule nimebaki mwili tu.

Baba yako hajambo. Tangu atoke hospitali kabla ya Krismasi anaendelea vizuri, anakula kidogo kidogo, anakaa barazani kuangalia bonde. Na nikupe kichekesho: kaka yangu Gabrieli ameanza adabu! Unajua alivyo na Mansuri, maana ukoo wa Mansuri na ukoo wetu ni watani tangu wazee ambao hata makaburi yao hatuyajui. Juzi Mansuri kaja na kofia yake, kasimama uani kapaza sauti: "Gabrieli, bado hujafa? Shati la msiba wako nimeshanunua, unataka liliwe na mende?" Sote tukatega masikio tusikie atakavyojibiwa. Wapi! Baba yako akamwambia, "Asante kwa kuja, Mansuri. Karibu kiti." Mansuri alibaki amesimama tu, hajui aweke wapi mikono. Tumecheka mpaka basi. Mzee mzima hakuwahi kujua adabu, leo ugonjwa umemfundisha.

Hiyo kozi yako imeishia wapi? Dadi anasema mnafundishwa kuwauliza wagonjwa kama wanaumwa. Ala! Si ndiyo maana wamekuja hospitali?

Ni mimi shangazi yako,
Catherine

Morogoro mjini, 25 Januari 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima. Watoto wamefungua shule. Mume wangu Severin amehamishiwa kazi Mzumbe, anakwenda na kurudi kila siku, na kila siku anarudi na malalamiko mapya. Mpe pole Padri Kiti.

Kuhusu kozi, nicheke tu, hata mimi nilicheka siku ya kwanza. Halafu mkufunzi akatuuliza tunamuulizaje mgonjwa asubuhi. Mwenzetu mmoja akasimama akaonyesha: "Hujambo bibi?" Bibi anajibu, "Sijambo mwanangu." Basi anaandika kwenye faili: anaendelea vizuri. Mkufunzi akasema, huyo bibi nyonga imevunjika. Hapo kila mmoja wetu alijiona. Nani kati yetu aliwahi kuulizwa hujambo akasema hapana? Tangu tunajifunza kusema tunajua jibu ni moja. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaamkia wagonjwa na kuandika majibu ya salamu kana kwamba ni hali zao. Sasa nimepewa kazi ya kuwafundisha wenzangu, wodi moja baada ya nyingine, kwamba salamu ikiisha ndipo kazi inaanza.

Shangazi, pale mlipocheka mimi sikucheka. Baba ana saratani ya tezi dume na imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo, hilo daktari alikwambia mbele yangu. Mtu mwenye maumivu ya namna hiyo si lazima apige kelele. Wengine wanapoa. Nguvu zote anazitumia kukaa tu pale kwenye kiti, hana nyingine za kumtania mtu.

Naomba umuulize. Usimuulize hujambo. Salamu ziishe, ukae, kisha umwambie: sifuri ni hakuna maumivu kabisa, kumi ni maumivu ambayo mtu hawezi kuyabeba, leo uko wapi? Unijulishe anavyosema. Ile dawa yenye nguvu ipo, lakini daktari hawezi kumwandikia mtu ambaye kila akiulizwa anasema hana maumivu, na hospitali alisema hivyo hivyo mpaka siku ya kuruhusiwa.

Ningekuja mwenyewe. Likizo nimenyimwa mpaka mafunzo yaishe, na unakumbuka baba alivyoniambia pale kwenye geti la hospitali: "Usinifuate kule. Binti hamwoshi baba yake." Niliona aibu kubishana naye mbele ya watu.

Mwanao,
Janeth

Jumapili, 11 Februari 2024

Mwanangu Janeth,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Hatujambo. Kuku wawili wamechukuliwa na kicheche, na Zuhura wa bondeni amejifungua mapacha, mmoja ana sauti utadhani anatangaza mnada.

Nimemuuliza baba yako. Mungu wangu, nimeuliza mpaka nimechoka! Mara ya kwanza kaniambia, "Sifuri." Mara ya pili kaniambia, "Sifuri, Catherine, na wewe una kazi ya kufanya shambani." Nikamtuma Padri Kiti, nikidhani kanzu itasaidia. Akamjibu, "Namshukuru Mungu, baba," na padri akaondoka amefurahi, akamtaja kwenye mahubiri kama mfano wa uvumilivu. Nilitamani kumrushia kitabu cha nyimbo.

Na mimi nikuulize, mwanangu: unataka aseme nini? Kaka yangu ndiye aliyetubeba wote baada ya baba yetu kufa. Mimi ni mdogo wake. Anawezaje kunitazama mimi akasema hawezi kubeba? Wewe ni wa ukoo wa mama yako, hujui alivyokuwa kwetu. Wakati mwingine namwona nasema labda ni kweli, labda yeye haumwi kama wengine.

Usiku analala vizuri tu. Nimehamishia kitanda changu chumba cha pili, mbali na chake, kwa sababu ya joto. Shuka zake nafua mimi mwenyewe. Ila panya wa mwaka huu ni wabaya sana, wanatafuna pembe za shuka, kila nikifua nakuta pembe imetafunwa mpaka imelowa.

Tangawizi ya kwanza nitawaletea na Dadi.

Shangazi yako,
Catherine

Morogoro mjini, 21 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo. Hongera kwa Zuhura na mapacha.

Shangazi, panya haachi shuka imelowa. Wewe unajua, na mimi najua kwamba unajua. Sikulaumu. Niliposoma mstari ule niliinuka nikaenda kusimama bafuni ili watoto wasinione.

Sikiliza jambo lililotokea hapa. Tuna mgonjwa mmoja wodi ya wanaume, mzee wa milima ya kwenu, upande wa Kinole, mguu umeoza kwa kisukari. Nilikuwa namfundisha muuguzi Yunusi kuuliza. Yunusi akauliza vizuri kabisa kama nilivyomwelekeza, mzee akasema, "Sifuri, mwanangu." Akapita mama anayepiga deki, akamwona, wakagundua koo zao ni watani. Mama yule akasimamisha fagio: "Wewe mzee, huo mguu unanuka mpaka nje, unasema sifuri?" Mzee akamtukana tusi zito, akasema, "Tisa! Na ukinigusa na fagio lako ni kumi!" Wodi nzima ikacheka. Yunusi akacheka, na mimi nikacheka, tukasema ni utani tu, tukaandika sifuri. Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Nikarudi. Mzee alikuwa bado anatetemeka.

Kwa mtani mtu haogopi kuonekana mdogo. Hawezi kumvunjia heshima maana hakuna heshima baina yao. Mwombe Mansuri amuulize baba.

Mwanao,
Janeth

Jumapili, 10 Machi 2024

Mwanangu Janeth,

Huku wote tupo. Leo sitakuwa na habari nyingi za kuku.

Nilimfuata Mansuri kule mtoni nikamweleza. Akaniambia, "Kate, hapo sasa unaniondoa kwenye utani." Nikamwambia hapana, ndiyo kwanza nakuingiza. Akaja Ijumaa baada ya swala. Mimi nikakaa jikoni. Ukuta wetu unaujua, ni mabanzi, unapitisha kila neno. Hata kukohoa sikukohoa.

Mansuri akakaa kitandani kwake, akaanza: "Gabrieli, wewe ni mwongo. Umeidanganya hospitali, umemdanganya padri, unamdanganya dada yako anayekufulia. Mimi utanidanganya nini? Si ndiye nitakayekulaza kaburini? Mtu hubebeshwa mzigo asijue uzito wake? Sifuri mpaka kumi. Sema."

Nikasikia kitanda kinalia, baba yako anageukia ukutani.

"Sema, mla panya mkubwa wewe!"

"Toka hapa, Mansuri."

"Sitoki."

Janeth, nikasikia sauti ambayo sikuijua. "Kumi, mbwa wewe! Jana kumi, juzi kumi, na hivyo ulivyokalia kitanda kikatikisika imepita kumi! Toka kitandani kwangu!" Halafu akalia. Kaka yangu akalia. Mama yetu alipokufa hakulia, mama yako alipokufa alikwenda kukata kuni. Siku hiyo alilia kama Zuhura alivyolia siku ya kujifungua wale mapacha, na Mansuri akawa anamwambia, "Nitukane tena, nitukane tu, bado nipo." Mimi nikajifunika khanga mdomoni.

Mansuri alipotoka hakutania mtu. Nilimpa mkungu wa ndizi akasahau kuuchukua. Aliniambia tu, "Mwandikie mtoto." Baba yako alikuwa amemwambia asikwambie wewe. Mimi ndiye ninayekwambia.

Na panya hakuna. Nilikuwa najua hakuna panya.

Shangazi yako,
Catherine

Morogoro mjini, 16 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Naandika haraka, Dadi anasubiri nje na injini inaunguruma.

Hiyo chupa ni dawa ya maji ya mofini, daktari ameiandika kwa jina la baba. Nimehangaika mno kuipata, Shangazi. Nimezunguka kila ofisi, nimesubiri, nimebembeleza mpaka mfamasia anakimbia akiniona. Hii si dawa ya kupatikana ovyo.

Mpe kila baada ya saa nne, kwa saa ya ukutani. Usisubiri mpaka aumwe. Bomba dogo la kupimia nimelitia alama nyekundu, ujaze mpaka hapo. Itamfunga choo, kwa hiyo mpe na hivi vidonge vyeupe, na mapapai, na maji. Siku za mwanzo atasinzia sana, usiogope.

Ifungie mbali na watoto wa majirani.

Janeth

Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024

Mwanangu mpendwa Janeth,

Kristo amefufuka, na baba yako naye karibu! Tunakusalimu sote. Siku mbili za mwanzo alilala kama ulivyosema, mpaka nikawa namwekea mkono puani. Siku ya tatu akaamka akaomba ugali. Ugali, Janeth! Na mlenda. Akala huku ananiambia chumvi nimeisahau tangu enzi za ujana wangu.

Jana Mansuri alikuja kutupa heri ya Pasaka. Yeye amefunga, ni mwezi wao mtukufu. Baba yako akaniomba ndizi mbivu, akaimenya taratiiibu mbele yake, akamwambia, "Mansuri, nusa tu, kunusa hakufunguzi." Mansuri alivua kandambili akataka kumpiga nayo. Akatoka mpaka nje nikamwona anafuta machozi, anacheka na analia, akaniambia, "Amerudi, yule mshenzi amerudi." Natamani ungekuwepo.

Mvua ndiyo imeanza, na si mvua ya mchezo. Barabara ya kutoka Mkuyuni imemong'onyoka kwenye ile kona ya mawe, Dadi anasema akipita leo na barua hii hajui atarudi lini.

Dawa usiwe na wasiwasi, bado ipo ya kutosha kabisa. Ila nikuulize, kuna mama mmoja wa jumuiya ameniambia kwamba hiyo ndiyo dawa wanayopewa watu wa kufa, na kwamba ukiizoea mwisho haikusaidii tena. Ni kweli?

Shangazi yako,
Catherine

Morogoro mjini, 8 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Nimeisoma barua yako kwa sauti mezani, Severin amecheka ile ya ndizi mpaka watoto wakaomba isomwe tena.

Lakini umesema dawa bado ipo ya kutosha. Chupa ile ilipaswa kuisha kabla ya Pasaka. Unampa kila saa niliyokwambia? Mtu wa jumuiya asikutishe. Dawa haimuui, ugonjwa ndio unaomuua, na haiachi kufanya kazi. Maumivu yakizidi daktari anaongeza kipimo, basi. Chupa ya pili ninayo tayari, nampa Dadi pamoja na barua hii. Nimekupigia kila siku hupatikani. Tafadhali panda msalabani unipigie.

Barabara ikifunguka tu nakuja, likizo wanipe wasinipe.

Janeth

Morogoro mjini, 19 Mei 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tulirudi salama baada ya matanga. Pole tena na uchovu, najua hukukaa chini tangu Mansuri aliponipigia simu kutoka msalabani mpaka watu walipotawanyika. Watoto wanaulizia babu. Mdogo anadhani babu amebaki kwako.

Siku ile nilipopanda kwa miguu kutoka pale barabara ilipokatika, nilimkuta Dadi amekwama na Noah yake. Akanionyesha bahasha yangu na kifurushi, bado vimo kwenye droo ya gari. Havikuwahi kupanda. Nilivibeba mwenyewe mpaka kwako, nikamzika baba vikiwa mkobani.

Sikukwambia jinsi nilivyokuwa pale kaburini. Mansuri alipolala chini kwenye udongo akajifanya ndiye baba, akasema kwa sauti ya baba, "Sifuri, mwanangu! Namshukuru Mungu, padri! Sifuri!" na watu wote wakaangua kicheko, mimi nilitaka kumshika shingo. Ndiyo utani wenu, najua, ndiyo njia yake ya kulia. Aliponyanyuka alikuwa amelowa machozi na matope. Baadaye alikuja akakaa karibu yangu.

Shangazi, siku ya tatu nilikuwa natafuta sufuria kubwa kule darini jikoni. Nyuma ya gunia la mbegu za tangawizi nilikuta khanga imefungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na ile chupa. Ilikuwa bado na dawa karibu nusu.

Niliifunga kama nilivyoikuta, nikashuka na sufuria. Nyumba ilikuwa imejaa watu na nilishindwa kuuliza. Nauliza sasa.

Mwanao,
Janeth

Jumapili, 2 Juni 2024

Mwanangu Janeth,

Marahaba. Sisi huku hatujambo. Mvua imekata, barabara wameitengeneza kwa mawe na magunia, Noah ya Dadi inapita sasa ikiwa tupu. Tangawizi imeoza kidogo upande wa chini lakini ya juu ni nzuri. Mapacha wa Zuhura wamebatizwa, yule wa sauti ya mnada alimlilia padri mpaka akakosea maneno. Kuku wamefikia saba. Iliki nayo imeamua kuzaa, hakuna aliyeiomba.

Mansuri anakusalimu. Anapita kila jioni, anakaa kwenye kile kiti.

Wasalimie Severin na watoto.

Shangazi yako,
Catherine

Morogoro mjini, 12 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Habari za tangawizi nimezipata. Za kuku na za iliki pia.

Nasubiri.

Janeth

Jumapili, 23 Juni 2024

Janeth,

Salamu sina, nilizimaliza zote kwenye barua ile.

Siku za mwanzo nilimpa kama ulivyosema, kwa saa ya ukutani. Ndiyo maana siku ya tatu aliomba ugali. Halafu nikainua chupa kwenye mwanga nikaona inashuka. Mvua inanyesha, barabara imekwenda na maji, na barua yako ninayo, inasema ulivyohangaika, inasema si dawa ya kupatikana ovyo. Nikajiambia, Catherine, hii ikiisha utampa nini? Na kila mtu anasema mwisho ndio mbaya. Nikasema huu bado si mwisho, anakula, anatania. Nikaanza kuruka zamu moja ya dawa. Kisha mbili. Kisha nikawa nampa jioni tu, apate usingizi.

Mimi nilidhani maumivu makubwa bado yanakuja, Janeth. Nilikuwa nayawekea akiba. Mwanamke wa huku hali mbegu zote, hata njaa ikiwaje anabakiza za kupanda. Sikujua kufanya vingine. Kile ulichonambia niogope kukikosa, nilikiogopa kuliko nilivyomwogopea yeye.

Naye akaanza tena adabu. Nikimpa maji, asante dada. Nikimgeuza, asante dada. Safari hii nilijua maana yake, wewe ulikuwa umenifundisha, na bado nikainamisha kichwa nikaendelea kubania. Mansuri aliniuliza mara moja, "Kate, mbona hanitukani?" Nikamwambia amechoka tu.

Siku ya mwisho asubuhi aliniita. Hajawahi kuniomba kitu maisha yake yote, yeye ndiye wa kutoa. Akasema, "Kate, nipe ile dawa." Nikamwambia, "Jioni, kaka. Vumilia mpaka jioni." Akasema, "Haya." Hakusema tena. Alasiri nilirudi kutoka kuchota maji nikakuta amekwisha kwenda, na shuka iko mdomoni.

Niliitoa kabla sijaita watu.

Msibani ulinishika ukaniita mama mbele ya ukoo mzima, nikashindwa kusema. Sasa nimesema. Chupa ipo pale pale, siwezi kuigusa wala kuimwaga.

Usinijibu kwa hasira za siku ya kwanza. Lakini nijibu.

Catherine

Morogoro mjini, 4 Julai 2024

Shangazi,

Siku ya kwanza niliandika barua nyingine. Severin akaisoma akairudisha mezani. Nimeichana.

Nimekasirika na wewe, sitakudanganya. Naamka na hasira na nalala nayo. Lakini jana nilikuwa nawafundisha wauguzi wa wodi ya watoto, nikafika mahali pa kumkabidhi dawa ndugu wa mgonjwa, nikasikia mdomo wangu unasema, "Mwambieni ikiisha ipo nyingine." Nikakwama. Wakadhani nimesahau somo. Shangazi, wewe sikukwambia hivyo. Nilikwambia nilivyohangaika. Nilitaka ujue kwamba mimi binti yake nimempigania, nilitaka sifa, na sifa hiyo ukaifunga kwenye khanga ukaiweka darini.

Sijui kusamehe kunaanzia wapi, kwako wala kwangu. Kazini nafundisha kuuliza, hilo hawakunifundisha.

Nakuja Jumamosi na Dadi. Usichinje kuku, usialike mtu. Ile chupa nitaichukua mimi, inatakiwa irudi hospitali, wewe huna haja ya kuigusa. Halafu tutakaa mimi na wewe kwenye kitanda chake, uniambie siku ile yote tangu kulipopambazuka, usiruke kitu. Ukifika pale alipokuomba, nitakuwa nimekushika mkono.

Mwanao,
Janeth